Umefuta kighairi, mbona kazi haikuendeshwa?

Miongoni mwa maswali yanayorudi mara kwa mara kwa watu wanaosimamia mifumo ya kompyuta, limo moja linaloonekana dogo. Mtu amefuta kighairi kwenye ratiba, skrini ikamwonyesha kwamba mabadiliko yamehifadhiwa, akaenda kulala akiamini kwamba kazi itaendeshwa usiku, na asubuhi akakuta haikuendeshwa. Mwingine hukutwa na kinyume chake: alifuta kighairi kimoja tu, na usiku huo zikaamka kazi thelathini ambazo hakuzigusa. Wote wawili huilaumu programu. Mara nyingi programu imefanya kile kile ilichoagizwa, na kilichokosekana ni kuelewa kighairi ni kitu gani, kimehifadhiwa wapi, na kukiondoa kunabadilisha nini hasa.

Tuanze na maneno. Programu za uratibu wa kazi ni zile zinazoanzisha kazi za kompyuta kwa wakati uliowekwa bila mtu kubonyeza kitufe: kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata, kufunga hesabu za siku, kutuma mafaili kwa taasisi nyingine, kuandaa ripoti. Mashuhuri kati ya zile kongwe ni cron, iliyokuwamo katika toleo la 7 la mfumo endeshi wa Unix la mwaka 1979, na ambayo jamaa zake bado wamo ndani ya seva nyingi za leo. Taasisi zenye maelfu ya kazi hutumia mifumo mipana zaidi, kama Control-M ya BMC, AutoSys ya Broadcom, au IBM Workload Scheduler.

Ndani ya programu hizi, kanuni ni kauli inayojirudia, kwa mfano «kila Ijumaa saa 4:00 usiku». Kighairi ni tarehe, au kundi la tarehe, linalotolewa nje ya kanuni hiyo: «kila Ijumaa, isipokuwa tarehe 16 Oktoba 2026». Mpango ni orodha ya kazi zitakazoendeshwa siku fulani, baada ya programu kuzisoma kanuni na vighairi vyote na kufikia uamuzi. Nitayarudia maneno haya matatu tena na tena, kwa sababu karibu kila mkanganyiko unaohusu jambo hili hutokana na mtu kugusa kimoja akidhani amegusa kingine.

Mfano wa karibu ni kengele ya simu. Umeiweka ilie kila siku ya kazi alfajiri, na leo umeiambia iruke kesho. Hukuifuta kengele, wala hukubadilisha saa yake. Umeitoa siku moja tu. Usiku ukabadili mawazo ukaiondoa ile amri ya kuruka. Kwa kufanya hivyo hujaipiga kengele. Umeirudisha kesho chini ya kanuni yake ya kawaida, na kengele italia saa yake ikifika. Kama saa hiyo imekwisha kupita, hakuna kitakacholia, hata kama skrini inaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Kuondoa kighairi cha ratiba katika seva ni jambo lile lile: unarekebisha kanuni, huendeshi kazi.

Tukae na mfano mmoja. Kazi ya kutengeneza nakala rudufu huendeshwa kila Ijumaa saa 4:00 usiku, ambayo kwenye skrini huandikwa 22:00. Ijumaa za Oktoba 2026 ni tarehe 2, 9, 16, 23 na 30. Mafundi wamepanga kuzima seva usiku wa tarehe 16 ili wabadilishe diski, na kwa hiyo tarehe hiyo imewekewa kighairi. Tarehe 14 mafundi wanasema diski hazijafika, seva haitazimwa. Sasa nakala rudufu inahitajika kama kawaida, na msimamizi anafungua programu ili akiondoe kighairi. Kitendo chenyewe ni kubonyeza mara mbili tatu. Ugumu wote uko katika yale anayopaswa kuyajua kabla ya kubonyeza.

La kwanza ni mahali kighairi kilipo. Kuna vighairi vilivyoandikwa ndani ya kazi moja, na kuna vighairi vinavyokuja na kalenda ya pamoja. Katika AutoSys, kwa mfano, kazi inaweza kuelekezwa kwenye kalenda ya kutenga, yaani orodha yenye jina lake, ambayo tarehe zake huizuia kazi isianze. Na kalenda hiyo hiyo inaweza kutumiwa na kazi nyingi. Mtu akiiona tarehe 16 Oktoba kwenye kalenda hiyo na kuifuta, amezirudisha kazi zote zinazoisoma kalenda hiyo, zikiwamo zile ambazo wenyewe walitaka zibaki zimezuiwa. Hapo ndipo kazi thelathini zinapoamka usiku mmoja. Nasema kwa msisitizo: kabla ya kufuta tarehe katika kalenda ya pamoja, iulize programu ni kazi zipi zinaitumia, na usome orodha hiyo hadi mwisho. Ikiwa kazi unayoitaka ni moja tu, dawa si kufuta tarehe. Dawa ni kuipa kazi hiyo kalenda nyingine, au kuiendesha mara moja kwa mkono siku hiyo.

Pia inawezekana tarehe moja ikawa imezuiwa mara mbili. Aliyepanga matengenezo aliweka kighairi ndani ya kazi, na mwenzake, bila kujua, akaiingiza tarehe hiyo hiyo katika kalenda ya pamoja. Ukiondoa kimoja, kingine kingali kinazuia, na kazi haitaendeshwa. Watu wengi wanaolalamika kwamba «programu imekataa kufuta» wamo katika hali hii. Kilichofutwa kimefutwa kweli. Ila mlango ulikuwa na makufuli mawili.

Hapa pana imani iliyoenea ambayo inafaa kusahihishwa. Wengi hudhani kwamba badala ya kuondoa kighairi, inatosha kuiongeza tarehe ile upya, yaani kuandika «iendeshwe pia tarehe 16 Oktoba 2026». Katika mifumo mingi haifanyi kazi, kwa sababu kutoa kuna nguvu kuliko kuongeza. Mfano ulio wazi ni kiwango cha iCalendar, kilichoandikwa katika RFC 5545, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2009, na ambacho kalenda nyingi za simu na kompyuta hukitumia kubadilishana matukio. Huko kanuni inayojirudia huitwa RRULE, tarehe za kuongeza huitwa RDATE, na tarehe za kutoa huitwa EXDATE. Hesabu hufanywa hivi: zinakusanywa tarehe zote zinazotokana na kanuni na zile zilizoongezwa, kisha zile za EXDATE zinaondolewa katika mkusanyiko wote. Tarehe iliyomo katika RDATE na EXDATE kwa pamoja hutoweka. IBM Workload Scheduler nayo ina mizunguko ya kujumuisha na mizunguko ya kutenga, na panapogongana, ya kutenga ndiyo inayoshinda. Nadhani mpangilio huu ni wa busara, kwa kuwa anayesema «siku hii usiguse» kwa kawaida ana sababu nzito kuliko anayesema «fanya kila wiki». Lakini maana yake ni kwamba kizuizi hakiondoki kwa kukizidi sauti. Lazima kiondolewe pale pale kilipowekwa.

Kiwango hicho cha iCalendar kinatufundisha jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: kighairi kinaweza kufa bila mtu kukiondoa. EXDATE iliyoandikwa pamoja na saa hulinganishwa na tukio kwa tarehe na saa yake kamili. Ikiwa kighairi kinasema tarehe 16 Oktoba saa 22:00, na baadaye mtu akabadilisha saa ya kuanza kuwa 23:00, basi kighairi kinalenga tukio ambalo halipo tena, na kazi itaendeshwa saa 23:00 kana kwamba hapakuwa na katazo lolote. Si programu zote zinazofanya kazi hivi. Nyingi hutenga siku nzima. Lakini panapohusika saa, kila badiliko la saa ya kuanza linapaswa kufuatiwa na ukaguzi wa vighairi vilivyokuwapo.

Sasa tuje kwenye swali la kichwa cha makala. Tuchukulie kwamba kighairi kilikuwa kimoja, kilikuwa ndani ya kazi, na kimefutwa vizuri. Mbona kazi haikuendeshwa? Jibu, mara nyingi, ni mpango. Mifumo mikubwa haisubiri saa ifike ndipo isome kanuni. Huandaa mpango mapema: Control-M ina utaratibu wa siku mpya, unaofanyika mara moja kwa siku na kuziingiza kazi zinazostahili kuendeshwa siku hiyo, IBM Workload Scheduler huurefusha mpango wake kwa utaratibu uitwao JnextPlan, ambao kwa kawaida huongeza saa 24. Baada ya mpango kuandaliwa, mfumo hufuata mpango. Ukirekebisha kanuni baada ya hapo, umerekebisha kitabu ambacho msomaji wake ameshanakili ukurasa wa leo na kuondoka nao.

Mfikirie dereva wa treni anayekabidhiwa karatasi ya safari asubuhi. Karatasi hiyo imetolewa katika jedwali kuu la safari. Mchana mkuu wa kituo anairudisha kwenye jedwali kuu safari iliyokuwa imefutwa. Jedwali sasa ni sahihi, na kesho kila dereva atapewa karatasi sahihi. Lakini dereva aliye njiani leo anashika karatasi ya asubuhi, na safari iliyorudishwa haimo ndani yake. Kwa hiyo msimamizi wetu aliyefuta kighairi tarehe 14, siku mbili kabla, yumo salama, kwa sababu mpango wa tarehe 16 bado haujaandaliwa. Angekifuta tarehe 16 mchana, kazi isingeonekana kwenye mpango wa usiku huo, na angelazimika kuiingiza kwa mkono. Hakuna ubaya wowote katika kuiingiza kwa mkono. Ubaya ni kutojua kwamba inahitajika.

Programu ndogo hazina mpango wa namna hii. Toleo la cron lililoandikwa na Paul Vixie, ambalo limeenea sana, huangalia kila dakika kama faili la ratiba limebadilika, na likibadilika hulisoma upya. Lakini cron haina kighairi kabisa. Mistari yake ina sehemu tano za wakati: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki, na hakuna sehemu ya kusema «isipokuwa». Wanaoitumia hujaribu kuziba pengo hilo kwa sharti ndani ya amri yenyewe: ikiwa leo ni tarehe fulani, usifanye kitu. Kighairi cha namna hiyo hakionekani kwenye ratiba yoyote. Kazi huanza, husoma tarehe, hujimaliza, na kwenye kumbukumbu za mfumo huonekana kana kwamba imefanikiwa. Anayetaka kukiondoa anapaswa kuifungua amri na kuisoma mstari kwa mstari. Wapo pia wanaojaribu kubana tarehe kwa kujaza siku ya mwezi na siku ya wiki kwa pamoja, wakidhani kwamba 13 na Ijumaa zitawapa Ijumaa ya tarehe 13 tu. Cron huwapa kila tarehe 13 na kila Ijumaa, kwa sababu sehemu hizo mbili zikijazwa zote, inatosha moja yake kutimia.

Kuna jambo linalochanganywa na kighairi nalo linahitaji kutengwa nacho waziwazi: kusimamisha kazi. Kusimamisha ni kuizuia kazi nzima mpaka itakapofunguliwa tena, wakati kighairi hutoa tarehe zilizotajwa tu. Tofauti hii haionekani hadi siku ya kurudisha. Katika Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva, kazi ya ratiba aina ya CronJob inaweza kusimamishwa. Na maelezo rasmi ya mfumo huo yanasema kwamba nyakati zilizopita ikiwa imesimamishwa huhesabiwa kuwa zimekosa kuendeshwa, na kwamba ukiifungua bila kuwa umeweka kikomo cha kuchelewa, zilizokosa huanzishwa mara moja. Aliyetegemea kwamba kazi itasubiri Ijumaa ijayo ataiona ikianza papo hapo, pengine mchana wakati watumiaji wamejaa kwenye mfumo. Tarehe iliyotolewa kwa kighairi, kwa upande mwingine, haikukosa chochote: kwa mujibu wa kanuni, siku hiyo haikuwa na kazi.

Ndiyo maana pia kuondoa kighairi cha tarehe iliyopita kwa kawaida hakuleti kazi nyuma. Zipo programu zinazofidia yaliyopita: anacron hufidia kazi za siku ambazo kompyuta ilikuwa imezimwa, na vipima muda vya systemd, programu inayosimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux, hufanya hivyo vikiwekewa mpangilio uitwao Persistent. Airflow, programu ya kuratibu mfululizo wa kazi za data, nayo inaweza kuagizwa ijaze vipindi vya nyuma ambavyo havikuendeshwa. Hizi zinafidia kilichopaswa kufanyika kikakosekana. Anayefuta kighairi cha wiki iliyopita akitarajia nakala rudufu ya wiki iliyopita atakuwa amebadilisha historia kwenye karatasi tu, na tena ameipotosha, kwa sababu atakayekuja kukagua ataona tarehe isiyo na katazo na isiyo na nakala rudufu, na atatafuta hitilafu ambayo haikutokea. Vighairi vya tarehe zilizopita viachwe. Havizuii kitu, na ndivyo vinavyoeleza pengo.

Isipokuwa vile visivyo na mwaka. Baadhi ya programu huruhusu kighairi kiandikwe kwa siku na mwezi peke yake, na hicho hurudi kila mwaka. Kikiwekwa kwa ajili ya matengenezo ya mara moja, mwaka unaofuata kitaizuia kazi tena, wakati ambapo hakuna akumbukaye kwa nini. Hicho hakifai kungoja. Kiondolewe mara tu tarehe ikishapita.

Sehemu inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kighairi kilichokuwa nusu ya jozi. Mara nyingi watu hawafuti siku, wanaihamisha. Nakala rudufu ya Ijumaa tarehe 16 ilihamishiwa Alhamisi tarehe 15. Kwa programu, kuhamisha ni vitendo viwili: kutoa tarehe 16 na kuongeza tarehe 15. Seva isipozimwa, msimamizi hukumbuka kuiondoa ile ya kutoa, na husahau ile ya kuongeza. Matokeo yake kazi inaendeshwa Alhamisi na Ijumaa. Kwa nakala rudufu hasara ni nafasi ya diski. Kwa kazi inayotuma malipo, au inayofunga hesabu na kuongeza kipindi kipya, kuendeshwa mara mbili ni msiba unaochukua siku kadhaa kuusafisha.

Kuhamisha kunaweza hata kuwa kumefanywa na programu yenyewe. Mifumo mingi humuuliza mpangaji: kazi ikiangukia siku isiyo ya kazi, irukwe, isogezwe mbele, au irudishwe nyuma? Kama jibu lilikuwa isogezwe mbele, basi Ijumaa iliyotiwa alama ya mapumziko imeisukuma kazi hadi Jumatatu. Ukiifuta alama hiyo kwenye kalenda, kazi inarudi Ijumaa na ya Jumatatu inatoweka yenyewe. Hilo huenda ndilo ulilotaka. Lakini yuko mtu katika idara nyingine aliyekwisha kujipanga kupokea ripoti Jumatatu, na yeye hakuona skrini yako.

Halafu kuna tegemezi. Kazi chache husimama peke yake. Nyingi husubiri nyingine imalize. Ripoti husubiri nakala rudufu, na utumaji wa faili husubiri ripoti. Aliyeizuia tarehe 16 kwa uangalifu alizizuia kazi zote tatu, kila moja na kighairi chake. Ukiondoa cha kwanza pekee, nakala rudufu itatengenezwa, na zile mbili zitabaki kimya. Ukiondoa cha tatu pekee, utumaji wa faili utaingia kwenye mpango ukiisubiri ripoti ambayo siku hiyo haimo. Mifumo mingine huuacha ungoje usiku kucha, mingine hulichukulia sharti lisilokuwapo kuwa limetimia na kutuma faili la wiki iliyopita. Lipi kati ya hayo mawili litatokea linategemea mpangilio wa mfumo wako, na mahali pa kujua ni kwenye mazingira ya majaribio, mapema.

Neno kuhusu siku yenyewe. Kwenye mifumo hii siku haianzi lazima saa 6:00 usiku. Mpango wa tarehe 16 unaweza kuanza asubuhi ya tarehe 16 na kuishia asubuhi ya tarehe 17, hivyo kazi ya saa 7:00 usiku, yaani 01:00 ya tarehe 17, bado ni ya mpango wa tarehe 16. Anayeona saa 01:00 ya tarehe 17 na kutafuta kighairi cha tarehe 17 hatakipata, au mbaya zaidi ataondoa kisichohusika. Lugha yetu huongeza utata wake: wapo ambao wakisema «usiku wa Ijumaa» humaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, na wapo wanaomaanisha Ijumaa yenyewe baada ya jua kutua; na aliyeambiwa «saa nne» kwa mdomo anaweza kuandika 04:00 pahala pa 22:00. Ombi la kuondoa kighairi liandikwe kwa tarehe kamili na saa ya namna inayoonekana kwenye skrini, pamoja na jina la kazi kama lilivyo ndani ya mfumo.

Tumrudie msimamizi wetu wa tarehe 14 Oktoba. Kwanza anaifungua kazi na kusoma vighairi vyake, kisha kalenda inazozisoma, aone tarehe 16 imezuiwa mahali pangapi. Anatafuta kama ipo tarehe iliyoongezwa badala yake, na anaikuta ya tarehe 15. Anafuata kazi zinazoitegemea, na anaandika pembeni majina ya mbili zilizozuiwa pamoja nayo. Anahifadhi nakala ya maelezo ya kazi zote tatu kama yalivyo sasa. Ndipo anapoondoa vighairi vitatu na tarehe iliyoongezwa, kwa mkupuo mmoja, na kwenye sehemu ya maelezo anaandika nani aliomba na kwa nini. Baada ya kuhifadhi, haridhiki na ujumbe wa kijani. Anaiomba programu imwonyeshe tarehe zijazo za kazi hiyo, na anasoma: 16, 23, 30. Tarehe 15 haimo. Asubuhi ya tarehe 16, mpango wa siku ukishaandaliwa, anaufungua na kuzitafuta kazi zote tatu kwa majina, wakati bado zimesalia saa za kutosha kuiingiza kwa mkono itakayokosekana.